Niliyoyaona Kihansi

Watu wa upande wa Mlimba hunijua kwa jina la Bwana Chura. Jina hilo sikupewa chuoni wala ofisini. Nilipewa na vijana waliokuwa wakitubebea mizigo kwenye korongo, na nimelizoea kiasi kwamba hata wajukuu wangu wakinitania nalo siwakemei. Lakini nikikutana na mgeni akaniuliza, "Mzee, kabla ya kustaafu ulikuwa ukifanya kazi gani?" hupata taabu kidogo kumjibu. Nikisema nilikuwa mtaalamu wa wanyama, ataanza kuniuliza habari za simba. Nikisema nilikuwa mhifadhi wa mazingira, atadhani nilikuwa nikigawa miche ya miti. Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi wangu nilikuwa nikipiga magoti kwenye tope na kuhesabu.

Nimehesabu mahali pengi. Hapa nitazungumzia pamoja tu, korongo la mto Kihansi, kwa sababu yaliyotokea pale yamekwisha kuandikwa na wengi, wataalamu na wasio wataalamu, na aghalabu kila mmoja huandika kana kwamba mwisho ulijulikana tangu mwanzo. Sisi tuliokuwapo hatukuujua. Halafu lipo jambo moja ambalo sikuliandika katika ripoti yoyote, nami sasa umri umekwenda.

Kazi hii ya kufuatilia viumbe porini ilianza nchini kwetu kama kazi ya kukusanya. Mzungu alipita na wapagazi wake, akanasa alichokinasa, akakitia katika chupa ya spiriti, akakipeleka Ulaya. Mwaka 1905, mwaka uleule vilipoanza Vita vya Maji Maji, Gustav Tornier wa makumbusho ya Berlin alitangaza habari za chura wa ajabu kutoka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Chura huyo hakuwa akitaga mayai majini kama vyura wengine, bali alizaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili. Wataalamu wa Ulaya walistaajabu. Lakini vyura wale walikuwa wamelala chupani, na swali la wangapi waliobaki mlimani halikuwa swali la zama zile.

Zikaja zama za kuhesabu. Walioifanya kazi hiyo ijulikane duniani ni Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliohesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958 wakiwa ndani ya ndege iliyopakwa mistari kama ya punda milia. Michael alifia katika ndege hiyo Januari 1959, baada ya kugongana na tumbusi angani. Sisi tuliosoma pale Mlimani, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970 tulikuwa watoto wa zama hizo. Tulifundishwa kwamba ukishaipata idadi iliyo sahihi, uamuzi ulio sahihi utakuja wenyewe. Niliamini hivyo kwa muda mrefu mno.

Zama za tatu zilitukuta tukiwa watu wazima wenye familia, nazo ni zama za tathmini. Mtu anataka kujenga barabara, au kiwanda, au bwawa. Mfadhili anadai ripoti ya mazingira. Basi mtaalamu anaitwa, anapewa majuma kadhaa na gari. Posho ilikuwa nzuri, sitaficha. Kwa mshahara wa wakati ule, posho ndiyo iliyosomesha watoto.

Sasa nije Kihansi. Mto huu huanzia nyanda za juu za Mufindi, kwenye baridi, ukatiririka kwa upole mpaka ukingo wa milima ya Udzungwa, na hapo ukaporomoka. Katika mwendo wa kilometa chache tu huteremka zaidi ya mita 800 mpaka bonde la Kilombero, na mwishowe maji yake huingia Rufiji. Mhandisi akiuona mteremko ule haoni kitu kingine ila umeme, wala simlaumu, maana hata mimi nisiye mhandisi niliuona umeme. Bwawa lililohitajika lilikuwa dogo, halikuzamisha vijiji wala mashamba, na mitambo ilikuwa ya kujengwa ndani ya mwamba chini ya ardhi. Ukilinganisha na mabwawa mengine duniani, huu ulionekana kuwa mradi safi. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwaka 1993, na nchi nyingine wahisani, zikiwamo za Skandinavia, zikachangia. Mitambo mitatu, kila mmoja wa megawati 60, jumla 180. Ilipokamilika ikawa karibu theluthi moja ya umeme wote wa maji tuliokuwa nao nchini.

Msomaji aliyekuwa Dar es Salaam mwaka 1994 hahitaji kuelezwa theluthi moja ilikuwa na maana gani. Maji ya Mtera yalikuwa yamepungua, mgao wa umeme ukaingia, na mji mzima ukanuka moshi wa jenereta. Mke wangu alikuwa na friza aliyoinunua kwa akiba ya miaka mitatu ili auze barafu na juisi kwa wanafunzi. Friza ile ikageuka kabati la vyombo. Jioni tulikaa barazani na koroboi, watoto wakisoma kwa zamu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Kihansi inajengwa nilifurahi, na niliendelea kufurahi hata baada ya kujua niliyokuja kuyajua. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi ninaalikwa kuzungumza kana kwamba mimi nilikuwa upande wa vyura na wengine walikuwa upande wa bwawa. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Tathmini ya kwanza ya mazingira, iliyofanywa kabla ya ujenzi, haikukiona kilichokuwa chini ya maporomoko. Korongo lile ni kali, na palipolowa manyunyu hapakuwa na njia ila kwa kamba na kwa kushika mizizi. Uchunguzi wa karibu ulikuja baadaye, wakati barabara imekwisha kuchongwa na baruti inalia. Ndipo mwaka 1996 chura yule akaonekana.

Mara yangu ya kwanza kushuka kule sikuweza kusikia sauti yangu mwenyewe. Maji yalipoanguka yalizaa upepo, na upepo ule ulibeba manyunyu na kuyarusha kwenye mteremko mchana na usiku, kiangazi na masika, bila kukoma. Miti haikuweza kuota pale. Paliota mimea mifupi, laini kama zulia lililomwagiwa maji. Nguo zililowa kabla hujafungua begi. Kalamu ya wino haikufaa, tuliandika kwa penseli. Na kwenye majani, ukitulia na kuzoesha macho, palikuwa na vyura wadogo wa rangi ya manjano, mamia kwa mamia. Dume mzima hafikii sentimeta 2, jike hafikii 3. Jike mwenye mimba ukimwinua kwenye mwanga uliweza kuona watoto kupitia ngozi ya ubavu wake, vidoa vyeusi vimejipanga. Mtoto huzaliwa akiwa na milimita 5 hivi, na mara moja anaanza kurukaruka. Hana haja ya kidimbwi, na kwa kweli kwenye mteremko ule hakuna kidimbwi ambacho mtu angetagia mayai. Alikuwa wa ukoo uleule uliowastaajabisha watu wa Berlin mwaka 1905, lakini jamii yake haikuwahi kuandikwa popote.

Jina lake la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, lilichapishwa mwaka 1999. Waandishi walikuwa wanne, mmojawapo akiwa Kim Howell, ambaye amefundisha vizazi vingi pale Mlimani. Neno la pili katika jina hilo linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya manyunyu. Eneo lote alilokuwa akiishi, kwa dunia nzima, halikuzidi hekta mbili, yaani kama viwanja vitatu vya mpira. Udzungwa nyingine tulitafuta na wenzetu wakatafuta, hakuonekana.

Sasa angalia mpangilio wa mambo, maana hapa ndipo penye uchungu wote. Mkopo uliidhinishwa 1993. Chura alionekana 1996. Jina alipata 1999, na kati ya mwaka huo na 2000 mitambo ikawashwa mmoja baada ya mwingine. Mtu alipouliza, "Je, vyura hawa wanahitaji maji kiasi gani?" zege lilikuwa limekwisha kukauka. Mahesabu ya mradi yalikuwa yameyapigia hesabu karibu maji yote. Katika kumi, tisa yaliingia kwenye bomba la mitambo na moja likabaki mtoni. Si kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua chura afe. Swali lilifika tu baada ya jibu.

Nilikuwapo korongoni muda mfupi baada ya maji kuchepushwa. Tulikuwa na mzee mmoja, kiongozi wa wapagazi, ambaye tulikuwa tumezoea kuwasiliana naye kwa ishara za mikono kwa sababu ya ngurumo. Tulipofika chini alisimama, akatazama juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bwana Chura, leo tunasikiana." Nikamwitikia, "Ndiyo, mzee, tunasikiana." Hatukuongea tena mpaka jioni.

Zulia lile la kijani lilianza kukauka kwa majuma, si kwa miaka. Magugu ya nchi kavu yakaingia. Vyura wakajikusanya kwenye vipande vilivyobaki na unyevu, wamebanana, na hesabu zetu zikawa za kudanganya: palipokuwa na maji walionekana wengi kuliko zamani, nasi tulijua kwamba wingi ule ni wa wakimbizi.

Hatua mbili zilichukuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 walikamatwa vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani kwa ndege, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, na baadaye kwenye bustani nyingine. Msomaji atakumbuka mzaha uliozuka mitaani. Kwenye daladala watu walisema heri kuzaliwa chura, utapanda ndege bure. Nyumbani mke wangu aliniuliza, "Baba Rehema, hao vyura wako wanapika ugali?" Nilicheka, lakini sikuwa na jibu zuri, na friza ilikuwa imeanza kufanya kazi tena.

Hatua ya pili ilikuwa manyunyu ya kutengeneza. Mabomba yalitandazwa kutoka juu ya mto, maji yakashuka kwa uzito wake yenyewe, na kwenye mteremko yakatawanywa na vipuli vyenye matundu membamba. Kwa macho yangu ilikuwa kama kumnyonyesha mtoto kwa chupa baada ya mama kuondoka. Lakini ilifaa. Kuanzia 2001 zulia likarudi, na vyura wakaongezeka. Tulitumia fremu ya mabomba ya plastiki, unaiweka chini, unahesabu kilichomo, unahama. Mwezi Juni 2003 makadirio yalifika karibu vyura 21,000. Usiku ule kambini tulichinja mbuzi. Nakumbuka nilisimama nikatoa hotuba fupi ya kusema kwamba sayansi na maendeleo vimepatanishwa Kihansi. Namshukuru Mungu hakukuwa na mwandishi wa habari.

Kufikia Agosti tulikuwa tukihesabu makumi. Januari 2004 walionekana watatu, na madume wawili wakasikika wakiita. Baada ya hapo hakuna.

Zilitolewa sababu kadhaa, na bado wataalamu hawajaafikiana juu ya uzito wa kila moja. Karibu na wakati ule bwawa lilifunguliwa kusafisha mchanga na tope lililokusanyika, na katika tope la mito inayopita mashambani huwamo dawa za kuulia wadudu. Manyunyu yale ya mabomba nayo yalikuwa na hitilafu zake. Lakini katika maiti za vyura ilikutwa kuvu inayoshambulia ngozi, ambayo wenzetu wa kizungu huiita kitridi. Chura hunywa kwa ngozi na kwa sehemu kubwa hupumua kwa ngozi. Ngozi ikiharibika, moyo husimama. Kuvu hii imemaliza vyura katika mabara kadhaa, na sayansi ilikuwa imeipa jina mwaka 1999 tu, mwaka uleule alioupata jina chura wetu. Husafiri majini na kwenye tope bichi. Husafiri kwenye vyandarua vya kunasia na chini ya mabuti.

Hapa ndipo penye jambo nililosema sikuliandika.

Aprili 2003 nilikuwa na wanafunzi katika milima mingine, kwenye vidimbwi vya msitu, tukijifunza sauti za vyura. Palikuwa na vyura wengi wa aina nyingi. Kutoka huko nilipanda treni ya TAZARA moja kwa moja mpaka Mlimba, mabuti yangu ya mpira yamefungwa kwa kamba nyuma ya begi, ndani ya mfuko wa plastiki uliotunza unyevu wote. Nilipofika korongoni niliyatoa, nikaona tope la kule lingali limeganda kwenye meno ya soli. Niliyapigapiga juu ya jiwe, tope likaanguka pembeni ya kijito, nikayavaa, nikashuka. Ndivyo nilivyofanya miaka yote. Ndivyo alivyofanya kila mmoja wetu, na wageni pia. Walikuja wengi mno miaka ile kuangalia chura aliye hatarini, kila mmoja na mabuti yake kutoka nchi yake.

Siwezi kusema kwamba mimi ndiye niliyeileta. Huenda ilikuwapo tangu zamani ikisubiri vyura wadhoofike. Huenda ililetwa na ndege, au na mabomba, au na mtu mwingine. Kwa miaka mingi nimepanga hoja hizi kama wakili, na kila moja ina nguvu yake. Lakini mtu wa sayansi hawezi kuondoa katika orodha jambo linalowezekana kwa sababu tu linamuumiza, na mabuti yale yanawezekana. Baadaye iliwekwa amri kwamba kila anayeingia korongoni akanyage kwanza kwenye beseni la jiki. Mara ya kwanza nilipokanyaga beseni lile, kijana aliyekuwa akisimamia alinihimiza, "Mzee, tumbukiza vizuri, mpaka kwenye vifundo." Alikuwa na adabu sana. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na tathmini kabla ya mradi sasa ni lazima kisheria. Mwaka huohuo wataalamu wa mimea walichapisha habari za mbuni wa mwitu, ndugu wa kahawa yetu, ambao nao ulipatikana Kihansi. Nao umepewa jina la korongo lile. Nikiwa na vijana wa idara huwaambia watazame tarehe hizo kwanza kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Sikupata kutamani mitambo izimwe. Nimeulizwa swali hilo hadharani, tena na watu walionijia kwa ndege kutoka mbali, na jibu langu liliwaudhi. Nilichotamani ni mtu kushuka kwa kamba mwaka 1990 na penseli, akakaa huko masika mawili. Gharama yake isingefika bei ya gari moja la mradi. Pengine bomba lingechorwa tofauti, pengine maji kidogo zaidi yangeachwa tangu siku ya kwanza, na pengine isingesaidia kitu. Lakini tungekuwa tumeuliza.

Kule Marekani nao waliteseka. Vyura walikufa kwa wingi bustanini, moja baada ya nyingine zikashindwa kuwatunza, na kuna wakati dunia nzima walibaki chini ya mia. Bronx na Toledo wakajifunza taratibu: mwanga wa namna gani, chakula gani, unyevu kiasi gani. Mwaka 2009 alitangazwa rasmi kuwa ametoweka porini. Agosti 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam, kwenye jengo maalumu Chuo Kikuu, na mwishoni mwa 2012 wa kwanza wakapelekwa nyumbani korongoni. Tangu hapo wamepelekwa tena kwa mafungu. Wapo wanaoonekana baada ya kuachiwa, lakini kusema wamerudi kabisa ni mapema, na mimi nimeshaitoa hotuba moja ya mapema katika maisha yangu.

Nilikwenda kuwaona pale Chuo Kikuu nikiwa nimekwisha kustaafu. Nilivuliwa viatu mlangoni, nikapewa kandambili za ndani. Wapo kwenye masanduku ya kioo, safu kwa safu, na kila sanduku lina kipuli kidogo juu kinachorusha manyunyu kwa saa maalumu, kwa pampu ya umeme. Binti aliyenitembeza, aliyesoma kwa mwanafunzi wangu, alinionesha jike mmoja ubavuni mwa kioo. Nilikaza macho na miwani yangu nikaviona vile vidoa vyeusi.

Tulikuwa bado tumeinama pale umeme ulipokatika. Pampu zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Samahani, babu," akasema, na kabla sijaitikia alikuwa amekwisha kutoka mbio kwenda kuwasha jenereta. Nilibaki peke yangu gizani na wale vyura. Kutokana na mazoea tu, nikaanza kuwahesabu walioonekana kwa mwanga wa dirisha. Nilipofika kumi na saba jenereta liliwaka.